Jinsi ya kubadili utaratibu katika vyombo vya haki jinai: mfano wa majalada yanayochelewa

Mabadiliko mengi katika polisi, mahakama na magereza hukwama pale jalada la kesi linapotoka chombo kimoja kwenda kingine. Mfano hapa ni mahabusu wanaosota kwa kuwa majalada yanachelewa. Utaratibu mwingine wowote hubadilishwa kwa njia hiihii.

1. Pima kwanza

Chukua majalada 50 ya karibuni bila kuchagua. Kwa kila moja andika tarehe ya kukamatwa, ya jalada kutoka kwa mpelelezi, ya kupokewa na mwendesha mashtaka, na ya uamuzi wake. Andika pia limerudishwa mara ngapi na kwa kukosa nini: ripoti ya daktari, majibu ya maabara, maelezo ya shahidi.

Panga siku za kila hatua kuanzia chache hadi nyingi, kisha utazame ya katikati. Wastani utakudanganya, maana jalada moja lililosahaulika kabatini huvuta hesabu yote. Kila ofisi itasema wanaochelewesha ni wenzao. Usibishane, waonyeshe jedwali.

2. Andika lengo kwa sentensi moja

"Ifikapo wiki ya 12, majalada 8 kati ya 10 yamfikie mwendesha mashtaka ndani ya siku 7 tangu mtu akamatwe." "Kuboresha ushirikiano" si lengo, kwani hakuna atakayejua limefikiwa lini.

3. Tafuta breki

Mwanasaikolojia Kurt Lewin alifundisha kuorodhesha nguvu zinazosukuma mabadiliko na zinazoyazuia. Wakuu hupenda kuongeza msukumo: waraka mwingine, karipio jingine. Kulegeza breki hulipa zaidi. Askari anayepimwa kwa idadi ya waliokamatwa hataona haja ya kukamilisha jalada, hata umwandikie nini. Mpelelezi akihamishwa bila makabidhiano, majalada yake hulala. Na fomu mpya ikiingia, ya zamani iondoke siku hiyohiyo, la sivyo zote mbili zitajazwa ovyo.

4. Andikianeni makubaliano

Ukurasa mmoja unatosha: nani anapeleka, nani anapokea na kusaini, na jalada likirudishwa sababu iandikwe wapi. Waite karani wa masijala na wakuu wa zamu. Wao ndio wanaojua jalada hulala wapi. Makubaliano yahusu mwendo wa jalada tu. Uamuzi wa kushtaki unabaki kwa mwendesha mashtaka, na hukumu kwa hakimu.

Hapa pia piga hesabu ya mbele. Mkipeleka kesi 20 kwa wiki kwa hakimu mwenye nafasi ya 12, mmehamisha foleni kutoka kituoni hadi mahakamani, na mahabusu bado wako ndani.

5. Jaribu kituo kimoja, wiki 8

Chagua kituo cha kawaida. Kile bora kitafaulu kwa lolote. Mafunzo ya utaratibu mpya yaanze kwa masajenti, kwa sababu askari hufuata anachosisitiza sajenti wake. Rudia mafunzo kwa zamu ya usiku, ambayo husahauliwa karibu kila mara.

6. Fuatilia kila wiki

Soma kwa pamoja siku na idadi ya majalada yanayorudishwa. Ukipima siku peke yake, majalada matupu yatapelekwa siku ya saba ili lengo litimie. Jaribio likifaulu, utaratibu uingizwe kwenye amri za kudumu kabla mkuu wa kituo hajahamishwa.