Kujenga katamarani ya mita 8 kwa plaiwudi na epoksi: nunua mizani kabla ya msumeno

Wengi wakianza kuwaza kujenga katamarani, ile boti yenye bodi mbili nyembamba zinazoelea sambamba, swali la kwanza ni mbao gani, gundi gani, mashine ya farasi ngapi. Mi nakwambia nunua mizani kwanza, ile ya jikoni inayosoma gramu na nyingine ya kuning'iniza inayobeba kilo 100, manake boti ya bodi mbili ukiizidishia uzito unakuwa umejenga tishali lenye tanga.

Hesabu yenyewe si ngumu. Boti ya mita 8, kila bodi iwe na upana wa kama sm 70 pale kwenye mstari wa maji, yaani urefu ni mara 11 na kidogo ya upana. Ukishuka chini ya mara 8 bodi inaanza kusukuma maji badala ya kuyakata na faida ya kuwa na bodi mbili nyembamba inapotea. Kwa vipimo hivyo bodi zote mbili zinakalia kama mita za mraba 7.8 za maji, kwa hiyo kila kilo 80 unayoongeza inazamisha boti sm 1 hivi. Weka friji, nanga ya pili, betri za asidi, shemeji na mabegi yake, kilo 400 hizo, sm 5 zimeenda, na sakafu ile iliyounganisha bodi mbili inaanza kupigwa na mawimbi toka chini, pwaa pwaa usiku kucha hamlali. Iache angalau sm 50 juu ya maji boti ikiwa imeshapakiwa, usiipimie ikiwa tupu.

Sasa kupinduka. Chukua uzito wa boti, tuseme kilo 1,200, zidisha na nusu ya umbali kati ya katikati ya bodi moja na nyingine, tuseme mita 1.75, unapata 2,100, hiyo ndo nguvu yote uliyonayo ya kubaki wima. Upande wa pili, upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma kama kilo 7.5 kila mita ya mraba ya tanga, tanga lako mita za mraba 30, katikati yake iko mita 5 juu ya sehemu ya chini inayoshikilia maji, inakuja 1,125. Uko salama. Lakini nguvu ya upepo inakua kwa mraba, upepo ukifika mita 14 tu ushavuka 2,200 na bodi ya upande wa upepo iko hewani. Ndo maana tanga linakunjwa mapema, sio ukisikia boti inalalamika, manake katamarani hailalamiki, na ikishalala juu chini haijirudishi. Angalia pia kwamba boti nyepesi inapinduka kirahisi zaidi, so ukipunguza kilo punguza na tanga au ongeza upana.

Kuchora unaweza kutumia DELFTship au programu nyingine yoyote inayotoa eneo la maji na ujazo, ukitaka vipande vikatwe na mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) sawa, inakuokolea wiki kadhaa za msumeno.

Kujenga: plaiwudi ya baharini mm 6 kwa mbavu na ubavu, unashona vipande kwa waya wa shaba au zip tai, unajaza kona na uji wa epoksi (gundi ya kuchanganya na kigandishi) uliochanganywa na unga wa silika, halafu kitambaa cha glasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba juu yake. Hapa kwenye epoksi ndo watu wanaumia. Hadina, yaani kile kigandishi, sio chumvi, huongezi ili ikauke haraka, ukizidisha haikai sawa milele. Pima kwa mizani (si nilikwambia) na changanya kidogo kidogo. Mi niliwahi kuchanganya karibu kilo nzima kwenye kopo refu nikaenda kupokea simu, narudi kopo linatoa moshi na plastiki imejikunja, kumbe joto likikusanyika linajichochea lenyewe. Mimina kwenye trei pana, inakupa muda. Mbao nazo paka epoksi jioni hewa inapopoa, asubuhi inapopanda joto mbao inatoa pumzi na unabaki na vipovu kila mahali. Ikikauka ioshe kwa maji na brashi kabla ya msasa, ule utando kama nta unaotokea juu ya epoksi ukibaki tabaka linalofuata halishiki.

Dari na sitaha tumia povu gumu katikati ya faiba mbili, jepesi sana. Ila usipitishe bolti moja kwa moja. Toboa tundu kubwa, jaza epoksi nzito, ikauke, toboa tena dogo katikati yake, bolti ipite hapo. Bila hivyo bolti inabonda povu, maji yanaingia, na utakuja kujua sitaha ishalainika chini ya miguu.

Mihimili ya kuunganisha bodi, kaboni ni tamu kama mfuko unaruhusu, ila kaboni ikigusana na alumini kwenye chumvi alumini inaliwa, weka tabaka la glasi katikati. Kuifunga, kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki imara sana) inafanya kazi nzuri kuliko bolti nyingi, inapunguza mshtuko na unaiona ikianza kuchakaa. James Wharram, Mwingereza mbunifu wa katamarani, alivuka Atlantiki miaka ya 1950 na katamarani aliyoijenga mwenyewe, na boti zake ndo zilizofanya mihimili ya kufungwa kwa kamba ijulikane.

Vifaa: betri za lithiamu za LFP (zenye chuma na fosfeti), sola juu ya dari, usukani unaojiinua ukigusa mchanga. Basi.

Siku ya kushusha, kabla ya rangi ya chini, bandika tepu pale ulipochora mstari wa maji, pakia kila kitu pamoja na watu, uangalie toka kando. Omo (mbele) ikiwa chini kuliko tezi (nyuma), hamisha betri nyuma hapo hapo.