Msimu wa korosho na hedhi kuchelewa
Dada zangu wa Newala na Tandahimba, msimu huu unaokota korosho tangu alfajiri, usingizi wa mang'amung'amu, na pesa ya mnada haijaingia. Usishangae siku zako zikichelewa. Mawazo yakizidi, homoni ya kotisoli hupanda, ubongo hupunguza ishara zinazoamsha ovari, na yai huchelewa kupevuka. Hedhi huja takriban siku 14 baada ya yai kutoka, kwa hiyo athari ya mawazo ya leo unaweza kuiona wiki kadhaa mbele. Andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi, hata kwenye kalenda ya ukutani. Ila pima mimba kwanza, tafadhali, usisingizie mawazo. Ikipita miezi 3 bila kuona siku zako, nenda zahanati na tarehe zako.