Jinsi ya kupanga nyimbo za kukusaidia unapougua sonona

Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huambiwa, "Weka muziki wa kuchangamka, utajisikia vizuri." Mara nyingi ushauri huo haufui dafu. Wimbo wa shangwe humwonyesha tu jinsi alivyo mbali na wenye furaha, naye huuzima kabla ya kiitikio cha pili. Wataalamu wa tiba ya muziki huanzia kwingine: kwenye muziki unaofanana na hali ya mgonjwa, kisha huubadilisha kidogo kidogo. Daktari wa akili Ira Altshuler wa Marekani aliieleza kanuni hii miaka ya 1940, na ndiyo inayoongoza zoezi hili.

Zoezi hili husaidia matibabu, halichukui nafasi yake. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki 2, muone mhudumu wa afya. Kama unatumia dawa, endelea nazo. Mawazo ya kujiua yakikujia, weka muziki kando, mwite mtu akae nawe na utafute msaada wa dharura papo hapo.

Hatua ya 1: Pima hali yako. Andika kwenye daftari namba kati ya 0 na 10, 0 ikiwa ndiyo hali mbaya kabisa. Andika ile inayokuja kwanza.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo 6, jumla dakika 20 hadi 25. Ili kujua kasi ya wimbo, gonga kidole kufuata mdundo kwa sekunde 15, hesabu mapigo, kisha zidisha kwa 4. Mbili za kwanza ziwe na mapigo 60 hadi 70 kwa dakika, mbili za kati 75 hadi 85, mbili za mwisho 90 hadi 100. Usiruke ghafla kutoka 65 hadi 120. Hapo ndipo mtu huchomoa visikilizio. Namba hizi ni za kuanzia tu. Wimbo wa polepole wenye ala nyingi zinazogombana unaweza kuchosha kuliko wa kasi wenye gitaa moja. Na kama sonona yako huja na wasiwasi, moyo ukienda mbio na miguu haitulii, geuza mpangilio: anza na 100, shuka hadi 60.

Hatua ya 3: Chuja maneno. Hapa ndipo zoezi huharibika zaidi. Kuna wimbo wa huzuni unaokuliwaza, na kuna unaokuzamisha, na ukiwa unazisikiliza zote mbili huonekana tamu. Tofauti hujitokeza baadaye. Dakika 20 baada ya kuusikiliza, jiulize: kifua kimelegea, au akili inazunguka palepale kwenye kosa lilelile, maneno yaleyale? Ukikuta inazunguka, uondoe wimbo huo hata kama unaupenda sana. Ondoa pia nyimbo zinazokukumbusha msiba au mtu mliyeachana, na zile zinazosema hakuna tumaini. Ukikosa nyimbo salama, tumia muziki wa ala usio na maneno.

Hatua ya 4: Sikiliza bila kukatizwa. Pakua nyimbo mapema, kwani tangazo la biashara katikati huvunja kila kitu. Zima arifa, zima uchezaji wa kuchanganya (shuffle) na wa kurudia (repeat). Sauti iwe ya kiasi, uweze kumsikia mtu aliye karibu akizungumza. Kaa; ukilala kitandani mchana, huenda usiinuke.

Hatua ya 5: Shirikisha mwili. Kwenye nyimbo mbili za mwanzo sikiliza tu. Za kati, gonga mdundo mapajani. Za mwisho, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, kisha itoe taratibu kwa hesabu ya 6 huku ukivumisha kwa mdomo uliofumbwa. Sauti nzuri haihitajiki. Sonona humfanya mtu akae tu bila kutenda, na kugonga au kuvumisha ni tendo dogo linalowezekana hata siku ngumu. Ndiyo maana wataalamu huwapa wagonjwa ngoma na kinanda wapige wenyewe.

Hatua ya 6: Andika namba tena. Kutoka 3 hadi 4 ni hatua ya kweli. Rudia mara 4 au 5 kwa wiki, saa ileile.

Siku nyingine muziki hautagusa chochote, utakuwa kama kelele za mbali. Kupoteza ladha ya vitu ni dalili ya sonona yenyewe, hujakosea zoezi. Siku hiyo sikiliza wimbo mmoja, gonga mdundo wake, ufunge daftari. Wimbo ukianza kuchosha, badilisha mmoja tu kwa wiki, na mpya ukae mahali palepale kwenye mpangilio. Aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutolala aongee kwanza na daktari wake, na asitumie nyimbo za kasi usiku.

Namba zikishuka siku baada ya siku, au baada ya wiki 2 hazijasogea, peleka daftari hilo kwa mhudumu wako. Mwonyeshe namba pamoja na nyimbo ulizoziondoa. Zote mbili zitamsaidia kujua aanzie wapi.