Kuendesha baiskeli wakati wa masika bila kuharibu nguo za kazini

Masika yangu ya kwanza kwenye baiskeli, Mwenge hadi Posta, nilinunua koti zito la mvua na kulifunga mpaka kidevuni. Nilipofika na kulivua, shati lilikuwa chapachapa. Si mvua iliyolilowesha, ni jasho. Kwa joto la Dar mwezi Aprili, koti lisilopitisha hewa linakupika.

Tangu siku hiyo sihangaiki kuukinga mwili, maana mwili hukauka wenyewe. Ninachokinga ni nguo za kubadilisha.

Hatua ya 1: Tafuta ndoo

Begi la mgongoni huvuja kwenye zipu, hata muuzaji akikuapia. Nenda kwa mafundi rangi ukaombe ndoo tupu ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana. Isugue vizuri, kisha ianike siku mbili harufu itoke.

Ifunge kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa vidole viwili. Kipande kimoja kizunguke ndoo na nguzo ya siti. Kingine kipite juu ya mfuniko, kishuke chini ya keria, kisha upige fundo. Vuta kwa nguvu zako zote. Ndoo inayocheza kidogo ukiwa nyumbani itakudondokea kwenye tuta la kwanza.

Ndani weka shati na suruali, umeviringisha kama mkeka. Nguo iliyoviringishwa haishiki mikunjo sana. Soksi zikae ndani ya viatu. Weka na simu, halafu kanga. Ndiyo, kanga, hata wewe mwanaume. Taulo nene linashinda bichi siku nzima, kanga inakauka kabla ya chai ya saa nne, na pasipo na chumba cha kubadilishia unajifunga tu.

Hatua ya 2: Zuia maji ya chini

Maji ya mvua ni masafi, ya barabarani ndiyo yanayokuchafua. Baiskeli nyingi za mtumba huja bila madigadi, kwa hiyo tairi la nyuma linakuchora mstari wa tope mgongoni. Funga ya nyuma na ya mbele. Kisha kata kipande cha tyubu ya lori, upana wa kiganja, ukifunge kwa nati kwenye ncha ya madigadi ya mbele, kining'inie mpaka vibaki vidole vinne kufika chini. Hicho kipande kinaokoa miguu yako na mnyororo pia.

Hatua ya 3: Vaa kidogo

Kaptula na jezi ya mpira vinatosha. Jinzi hunywa maji, huwa nzito na huchubua mapaja. Miguuni vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Gamboti hujaa maji kutoka juu. Kapelo chini ya helmeti huzuia matone yasiingie machoni. Yale makoti mapana yasiyo na mikono yaache: pale daraja la Selander upepo wa baharini ukiyashika, unageuka tanga.

Haya ni ya pwani. Ukiwa Njombe au Makete, kulowa na baridi ni hatari. Huko vaa koti, sweta ya sufu na glovu.

Hatua ya 4: Barabarani

Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, maana vumbi na oili ya magari vinageuka utelezi. Mistari ya rangi na vyuma vya mifereji huteleza vilevile, usikate kona juu yake. Breki za mpira zikilowa hazishiki papo hapo; ziguse kidogo mapema zifute maji kwenye rimu, ndipo ubane.

Dimbwi ambalo hukuliona likiwa kavu, usilipite. Huenda chini kuna shimo la chemba lisilo na mfuniko. Na maji yakifurika bonde la Jangwani, geuza. Radi zikianza, ingia kwenye jengo, usijibanze chini ya mwembe.

Hatua ya 5: Ukifika

Usivae haraka. Jifute, kaa dakika kumi jasho likate, ndipo uvae shati. Wengi hukosea hapa, wakasingizia mvua.

Jioni futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, dondosha mafuta ya cherehani tone moja kila pingili, zungusha pedeli kinyume, futa yanayobaki. Oili chafu ya gari inashika mchanga, na mchanga unakula meno ya gia.

Ndoo ilale wazi. Niliwahi kusahau kanga mbichi ndani Ijumaa, mfuniko umebanwa. Jumatatu nilipoifungua, mke wangu aliniuliza nimebeba dagaa wa nani.