Jinsi ya Kuomba Likizo ya Uzazi Ukiwa Umeajiriwa Dar es Salaam

Mama kijacho, kabla hujaanza kununua nguo za mtoto Kariakoo, shika kalenda. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakutaka umpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Wengi wetu huandika barua mwezi mmoja kabla, tumbo limeshajitangaza lenyewe, kisha tunamshangaa bosi akilalamika kwamba hana wa kushika nafasi.

Kwa hiyo safari inaanzia kliniki. Nenda kabla ya wiki 12, iwe zahanati ya mtaani kwenu au hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Ikumbuke tarehe uliyoanza hedhi ya mwisho, maana ndiyo wanayohesabia. Ukichelewa hadi mwezi wa sita na tarehe umeisahau, utapewa makadirio yanayoweza kupishana kwa wiki kadhaa, na hesabu yote ya likizo itayumba nayo. Usitegemee kadi ya kliniki pekee. Omba cheti chenye muhuri wa kituo, umri wa mimba na tarehe ya matarajio. Kitoe kopi kabla hujapanda daladala.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha: "YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI", tarehe ya matarajio, siku unayotaka kuanza, siku utakayorudi, na kwamba umeambatanisha cheti. Huna haja ya kubembeleza, hii ni haki yako. Chapa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine mpokeaji aiandike tarehe, asaini, na muhuri ugongwe kama upo. Mimba yangu ya kwanza nilimwambia bosi kwa mdomo, tena kwenye korido. Akahamishwa. Aliyekuja akafungua faili langu, hakuna kitu. Tangu siku hiyo nakala yangu hukaa nyumbani, pamoja na kadi ya kliniki.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Likizo ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 ukijifungua mapacha, na ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Unaweza kuanza wiki 4 kabla ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya mtoto inadai hivyo. Tuseme matarajio ni 20 Novemba: barua iwe imefika kufikia 20 Agosti, ukianza 23 Oktoba siku ya mwisho ni 14 Januari. Ukiwa mzima, sogeza mbele kuanza, ubaki na wiki nyingi za kukaa na mtoto. Likizo ya mwaka ni kitu kingine, mwajiri asikulazimishe kuitumia badala ya hii. Ila kama hujatimiza miezi 6 kazini, haki ya malipo bado haijakufikia, itabidi mzungumze.

Ukishajifungua, hurudi kazini ndani ya wiki 6 za mwanzo bila daktari kuthibitisha kuwa uko sawa. Hizo ni siku 42, muda uleule ambao kliniki inakutaka urudi kupimwa wewe na mtoto, kwa hiyo usiruke mahudhurio hayo. Baba naye ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ukirudi, una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, hayo ni maziwa ya kukamua, si ya kukimbilia nyumbani. Miezi 2 ya kwanza baada ya kujifungua usipangiwe zamu ya usiku.

Mdada wa kazi za ndani naye ni mwajiriwa, sheria hii inamhusu.

Ukikataliwa, omba jibu kwa maandishi. Kisha nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukajaze fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukiwa umefukuzwa kwa sababu ya ujauzito, zinakuwa siku 30 tu. Beba mkataba, hati za mshahara, cheti, na ile nakala yenye saini.