Ukishatundika viatu, anza ukocha hivi

Mdogo wangu, kama umecheza mpira hapa Lubumbashi na sasa goti limekataa, usikimbilie kutafuta timu ya kuongoza. Nenda kwa kocha wa wanafunzi chuoni, umwombe uwe msaidizi wake msimu mzima. Panga koni, jaza mipira upepo, lakini daftari lisikutoke mkononi: andika zoezi, dakika zake, na nani alichoka mapema.

Mimi namheshimu sana Herb Brooks, Mmarekani wa hoki ya barafu. Aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota, akaachwa dakika za mwisho kwenye kikosi cha Olimpiki cha 1960. Baadaye alirudi chuoni kwake kama kocha, akatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1974, 1976 na 1979. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, vijana wake wa timu ya taifa, wengi wao wa vyuo, waliwafunga Wasovieti 4-3. Alisisitiza mno mbio na pumzi. Kwenye hoki wachezaji hupokezana, kwa kawaida hata dakika moja haijaisha, kwa hiyo benchi zima lazima liwe tayari.

Nami nafanya hivyo: wa akiba anakimbia sawa na wa kwanza. Tunaanza alfajiri, kabla jua la Oktoba halijawaka.

Halafu, omba ratiba ya mitihani mapema. Aliyekesha na vitabu mpe pasi fupi tu, bila mbio. Akifeli mwaka, mama yake atakuja kukuuliza wewe.