Njia ya theluji hutengenezwa Oktoba: kwa anayetaka kujitolea

Kwetu Usangi, milimani Upare, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, haukuwa na mjadala. Mbiu ikilia, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, mnakwenda kuzibua mfereji unaoshuka kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, au kufukia mashimo ya barabara. Huna jembe? Utabeba mawe. Nilipohamia Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nilidhani mambo hayo nimeyaaga. Kumbe na huku wanao msaragambo wao, ila wanaufanyia njia ambayo ikifika Aprili inayeyuka yote.

Nazungumzia njia za pikipiki za theluji. Wenyeji huziita sledi, nami nitasema hivyo hivyo. Sledi haina magurudumu: mbele ina ski mbili za kukatia kona, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa kifaru cha vita. Maine peke yake ina zaidi ya kilomita 20,000 za njia hizi, na sehemu kubwa kabisa inapita katika ardhi za watu binafsi: mashamba ya majani ya ng'ombe, misitu ya makampuni ya mbao, nyuma ya nyumba ya bibi fulani. Nyingi serikali haizitengenezi. Hurudisha sehemu ya ada za usajili wa sledi kama ruzuku, lakini mikono ni ya klabu za vijiji na miji midogo, na mikono hiyo hailipwi.

Klabu yetu ina majina kama arobaini kwenye daftari. Wanaotokea kazini hawafiki kumi na wawili, na wengi wao wana wajukuu. Kwa hiyo ukijitokeza hakuna atakayekuuliza umetoka wapi, wala kama una sledi. Mimi mwaka wa kwanza na wa pili sikuwa nayo. Nenda kwenye mkutano wa mwezi, lipa ada ya uanachama, sema unachoweza: kushika msumeno, kupika, kuendesha trekta, kuandika barua. Halafu toa namba ya simu na upokee ikiita.

Kazi ya kwanza ni ya mdomo, na watu wa kuja huwa wanaidharau. Kila mwaka, kabla majani ya miti hayajapukutika, tunawapitia wenye ardhi. Ruhusa yao ni ya bure, na wakiamka vibaya kesho wanaweza kuifuta. Shamba moja likifungwa, njia nzima imekatika. Nenda wawili, mmoja awe anafahamika pale. Usianze na karatasi. Uliza mambo matatu: mwaka huu tupite upande gani, tuanze lini, na msimu uliopita nini kilikuudhi. Hilo la tatu ndilo lenye mali, kwa hiyo kaa kimya ulisikilize mpaka mwisho. Mmoja alituambia hana shida na kelele, shida yake ni vijana wanaokata kona katikati ya shamba. Tukaisogeza njia ikafuata ukingo wa msitu, tukapanga vigingi kila baada ya hatua thelathini. Akiogopa kushtakiwa mtu akiumia, mweleze kwamba sheria ya Maine inamkinga mwenye ardhi anayewaachia watu wapite bure kwa burudani, na umwoneshe bima ya klabu. Mimi hubeba mandazi. Wao wana donati zao, lakini bado sijaona sahani iliyorudi na kitu.

Kisha msituni. Novemba karibu yote ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, kwa hiyo sisi hufanya kazi Jumapili, maana Maine hairuhusu kuwinda siku hiyo. Hata hivyo vaa kofia na kizibao cha rangi ya chungwa kali. Usimwamini kila mtu kwamba anajua leo ni siku gani.

Hapa nikiri aibu yangu. Siku ya kwanza nilikwenda na panga langu. Nilifyeka vichaka kama mita mia mbili, safi, nikaona nimewaonesha kazi wazee wa watu na mikasi yao mirefu. Mzee aliyetuongoza alirudi nyuma polepole, akainama, akashika kisiki nilichokiacha. Panga hukata mshazari. Nilikuwa nimepanda mikuki mia mbili iliyochongoka, yenye kimo cha kifundo cha mguu, inayongoja kufunikwa na theluji kidogo ipasue mkanda wa sledi au tumbo la mtu aliyeanguka. Sikugombezwa. Nilipewa mkasi, tukarudia vyote, tunakata bapa, usawa wa udongo. Panga sasa nakatia kabichi.

Matawi yakate juu kuliko akili inavyokutuma. Theluji ikijaa, sakafu ya njia itapanda, labda kwa mita nzima, na tawi unalopita chini yake leo litakuwa usawa wa uso wa mtu Februari. Tena theluji nzito huinamisha matawi ya misonobari. Sisi huacha uwazi wa mita tatu na ushee kwenda juu, na upana wa kupitisha mashine ya kusawazishia bila kugusa pembeni. Mti ulioanguka ukabanwa, ukapinda kama upinde, uache kwa aliyefundishwa msumeno wa mnyororo. Una nguvu ndani yake, na ukikatwa mahali pasipofaa unafyatuka.

Halafu maji, na hapa ujuzi wa mfereji wa Upare ulinifaa kuliko kingine chochote. Maji yakituama njiani Oktoba, Januari yatakuwa ama barafu ya kuteleza ama shimo lililofichwa. Zibua kila kalavati kwa koleo na mikono, toa majani, chimba kijifereji cha pembeni kinachoelekea bondeni. Adui mkuu ni biva, mnyama wa jamii ya panya mwenye mkia kama mwiko, anayeziba kijito kwa matope na vijiti usiku mmoja tu. Usibomoe bwawa lake kwa hasira. Kuna taratibu za serikali, na pia atalijenga tena kabla hujafika nyumbani. Mara nyingi ni nafuu kuihamisha njia. Madaraja nayo yakanyage yote, ubao kwa ubao, na uangalie kingo za chini zinazoyabeba. Mafuriko ya tarehe 18 Desemba 2023 yalizoa madaraja na kalavati nyingi magharibi mwa jimbo hili, na zilizobaki zimesimama nyingine zilikuwa zimeliwa udongo kwa chini. Kwa juu huoni kitu.

Vibao havina maneno mengi. Viweke upande wa kulia wa msafiri, kwa urefu ambao theluji haitavifunika, na kibao cha kona kitangulie mbali kidogo ili mtu apate nafasi ya kupunguza mwendo. Cha kusimama kiwepo kila panapokatiza barabara ya magari. Vipite wewe mwenyewe usiku na tochi: kisichong'aa, badilisha.

Theluji ya kwanza ikishuka kila mtu anataka kupanda sledi. Subiri. Theluji laini ni blanketi. Ikilala juu ya tope, tope linabaki na joto lake na haligandi hata nje kukiwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Kwa hiyo tunatuma sledi moja au mbili zikanyage polepole sehemu zenye unyevu, blanketi lishindiliwe, baridi ipenye ardhini. Siku chache za baridi kali zikipita, pale palipokuwa dimbwi panabeba trekta. Ziwani tunakwenda na drili ya barafu. Kwa kawaida husemwa mtu kwa miguu ahitaji sentimita 10 za barafu safi, sledi 13 hadi 18, na ile nyeupe yenye theluji ndani uihesabu nusu. Toboa sehemu nyingi. Mto unapoingia ziwani na chini ya madaraja barafu huwa nyembamba hata kama kwingine kote ni nene.

Kusawazisha ndiko kunakopendwa na wapiga picha. Mashine yetu, gruma, ni trekta iliyovalishwa mikanda badala ya magurudumu, ikiburuta fremu ndefu ya chuma yenye visu mbele na bamba zito nyuma. Tunatoka usiku, baada ya sledi nyingi kulala na baridi kuzidi. Usiku wangu wa kwanza niliketi karibu na mzee, chupa ya chai miguuni, tukienda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kama kilomita nane kwa saa. Nikamwuliza mbona tunatambaa. Akasimamisha mashine, tukashuka, akaniambia nipite juu ya matuta tuliyokuwa hatujayafikia. Yalifika magotini. Kisha akanirudisha nyuma ya bamba: sakafu tambarare, yenye mistari myembamba kama ya kitana.

Siri yake, alisema, ni kukata tuta mpaka shina. Ukienda haraka, visu vinakata vichwa tu, theluji laini inajaza mabonde, unatazama nyuma unaona pamependeza. Sledi ishirini zikipita kesho asubuhi, matuta yanarudi palepale yalipokuwa. Visu vikate mpaka chini ya bonde, theluji ivurugwe, hewa itoke, ndipo bamba lishindilie. Baada ya hapo iachwe. Chembe za theluji zilizovurugwa hushikana zenyewe kwenye baridi, kama saruji, nazo zataka saa kadhaa bila kuguswa. Ndiyo sababu kusawazisha saa nne asubuhi ya Jumamosi ni kupoteza dizeli. Visu viinue kabla ya daraja na kabla ya lami. Taa zisizimwe hata ukisimama kujisaidia, na usisimame baada ya kona.

Dizeli hiyo ndiyo inayotupikisha. Jumamosi moja kila mwezi tunauza chakula cha jioni, na desturi ya hapa ni maharage yaliyookwa usiku kucha, yametiwa asali nyeusi ya miwa. Ni matamu kama chai. Nilipoleta sufuria la maharage ya nazi watu waliyazunguka kwa adabu kama nusu saa, kisha yakaisha. Mwaka huu nimeambiwa nilete masufuria mawili.

Aprili hatupumziki. Kila kigingi na kibao cha mashambani lazima king'olewe kabla majani hayajaota. Mwaka mmoja tulisahau kigingi kimoja, mashine ya kukatia majani ikakila Juni, na mwenye shamba akanipigia simu yeye mwenyewe. Klabu ililipa kisu kilichovunjika. Njia tulirudishiwa Septemba, baada ya safari tatu na mandazi. Tangu hapo natunza daftari kwenye banda la klabu: vilivyotoka, vilivyorudi. Msimu huu vimetoka 212, vimerudi 209. Viwili nadhani viko ukingoni mwa shamba la juu, karibu na ukuta wa mawe. Cha tatu tunakitafuta Jumapili.